Kifundo kimegoma kupona, na mbio za Moshi zinakaribia

Shikamoo Kocha,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arusha, nina miaka 31 na mtoto mmoja. Nimekimbia tangu niko sekondari, enzi za UMISSETA, na hata nilipojifungua sikuacha. Nilirudi taratibu mpaka nikafikia kilomita 21. Nakuandikia kwa sababu ya kifundo cha mguu wa kulia, ambacho kimeninyima raha tangu mwezi wa nane mwaka jana.

Siku hiyo tulikuwa tunateremka kutoka Ilboru kuja Sanawari, njia ya mawe, nami nimeshachoka. Nikakanyaga jiwe, likabingirika, mguu ukapindukia ndani na nikasikia kitu kimelia "tak" upande wa nje. Nilirudi nyumbani kwa bodaboda. Jioni kifundo kilikuwa kimevimba mpaka ule mfupa wa nje hauonekani, na kesho yake pakawa peusi mpaka kwenye kisigino. Hospitalini nilipigwa picha ya eksirei, nikaambiwa mfupa haujavunjika. Nikapewa bandeji na vidonge vya diklofenaki, nikaambiwa nipumzike. Nikapumzika.

Mama alipopata habari alitoka Mbulu akanipeleka kwa mzee mmoja anayesifika kwa kuchua. Alinivuta ule mguu nikapiga kelele mpaka majirani wakaja. Sijui kama alinisaidia au aliniharibu, lakini baada ya wiki chache maumivu yalipungua, na mwezi wa kumi nikaanza tena mazoezi.

Sikufika mbali. Nikishuka daladala, mguu huo huo ukateguka tena pale pale, na wala hapakuwa na jiwe. Nikapumzika tena, nikarudi tena. Hali yangu sasa ni hii: kwenye tambarare nakimbia vizuri kilomita tano au sita, halafu yanaanza maumivu ya ndani kabisa, mbele kidogo ya mfupa wa nje. Usiku kinavimba. Asubuhi nachechemea kutoka kitandani mpaka jikoni ndipo kinalegea. Ngazi za shuleni nashuka nikishika ukuta. Na kuna wakati natembea tu, ghafla mguu unaniachia.

Kocha wa klabu yetu anasema mkimbiaji asiyeumwa bado hajaanza mazoezi. Nikisita ananitajia John Stephen Akhwari, kwamba alimaliza marathoni Mexico goti likiwa limefungwa bandeji, sembuse mimi na kifundo. Basi siku za mbio ndefu nameza diklofenaki mbili kabla ya kutoka, na kweli nasahau kama naumwa, mpaka usiku. Mume wangu anasema umri wa kukimbia umepita, nitulie. Mama anasema kifundo hakikurudi mahali pake, anataka nikavutwe tena.

Nimeshalipia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari. Je, naweza kukimbia nikifunga bandeji vizuri? Nivutwe tena kama anavyotaka mama? Nitafute hela nipige MRI? Au ndiyo basi tena, nitafute mchezo mwingine?

Wako,
Mwalimu anayechechemea, Arusha

JIBU

Marahaba, Mwalimu, na pole sana.

Nianze na jibu usilolitaka, ili usome mengine ukiwa umeshatulia: Februari hii usikimbie zile kilomita 21. Sisemi kwamba huwezi kufika. Nina hakika ukimeza vidonge na kukaza bandeji utafika, na hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Njia ya nusu marathoni ya Moshi inapanda kuelekea Mweka, halafu inageuka na kuteremka kurudi uwanja wa Ushirika. Kupanda hakutakusumbua sana. Utateremka kilomita kama kumi kwa mguu ambao kwa maneno yako mwenyewe hauwezi kushuka ngazi za shule bila kushika ukuta, umechoka, umezungukwa na watu wanaokupita kushoto na kulia, na dawa imekufunga macho. Mteguko wa tatu ukija hapo hautakuwa mdogo.

Sasa nikueleze kinachoendelea mle ndani, maana nadhani hakuna aliyekaa nawe akakueleza.

Upande wa nje wa kifundo umeshikiliwa na kano 3 zinazofunga mfupa kwa mfupa. Ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote, na mguu ukipindukia ndani kama wako ulivyofanya, ndiyo huanza kuchanika. Mahali unaponitajia maumivu, mbele kidogo ya mfupa wa nje, ndipo inapokaa. Kano ikichanika mwili huishona wenyewe, ila kovu lake mara nyingi huwa legevu kuliko kano ya awali. Hilo watu wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba ndani ya kano na misuli ya kifundo mna neva zinazoupa ubongo habari kila sekunde: mguu umeinama kiasi gani, ardhi iko wapi, jiwe limeanza kubingirika. Zikipata habari hiyo, misuli miwili mirefu inayopita nyuma ya mfupa wa nje hukaza na kuurudisha mguu kabla haujapinduka. Baada ya mteguko mkubwa habari hizo huchelewa, na misuli yenyewe huwa imesinyaa kwa kukaa. Ndiyo maana uliteguka ukishuka daladala pasipo na jiwe. Ndiyo maana mguu unakuachia.

Kupumzika hakurudishi kitu hicho hata ukipumzika mwaka mzima. Wewe ni mwalimu, utanielewa: mtoto akiugua muhula mzima, homa ikaisha, ukimrudisha siku ya mtihani atakaa kwenye dawati akiwa mzima wa afya na atafeli. Wewe umeupa mguu likizo ya ugonjwa mara mbili, na mara zote mbili umeurudisha moja kwa moja kwenye mtihani.

Hauko peke yako katika hili. Mteguko wa kifundo ni miongoni mwa majeraha yanayowapata wanamichezo mara nyingi zaidi, na ni miongoni mwa yanayodharauliwa zaidi, kwa sababu eksirei ikitoka safi kila mtu hupumua. "Hakuna mfupa uliovunjika" huchukuliwa kama "hakuna kitu". Katika watu wanaoteguka kwa mara ya kwanza, wengi hubaki na kifundo kinacholegea au kuuma baada ya mwaka, na wengi wao ni wale wale waliopewa bandeji na vidonge bila zoezi hata moja.

Ila kuna mambo mawili katika barua yako yananifanya nisikutume mazoezini kabla hujaonwa tena na mtaalamu: maumivu "ya ndani kabisa", na kuvimba kila usiku baada ya kukimbia, miezi mingi baada ya jeraha. Kano iliyolegea peke yake haina kawaida ya kuvimba namna hiyo. Inawezekana mfupa wa juu wa kifundo ulipogongana na mwenzake siku ile ulipata jeraha kwenye gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa. Jeraha hilo eksirei ya siku ya kwanza mara nyingi hailioni. Inawezekana pia moja ya ile misuli miwili mirefu imechanika kwenye kano yake, ile inayofunga msuli kwa mfupa, au kuna tishu iliyovimba inabanwa kwa mbele kila unapokunja kifundo. Sikutishi, haya yote yana tiba, na huenda usiwe nayo. Lakini yanatafutwa kwa mikono ya mtu anayejua kukagua kifundo, akikibonyeza, akikivuta taratibu na kukilinganisha na cha kushoto.

Kwa hiyo kuhusu MRI: usianze nayo. Anza na daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia aliyezoea wanamichezo. Yeye ndiye atakayesema kama picha inahitajika na ni ya sehemu gani. Kwa upande wako hospitali ya KCMC pale Moshi ni karibu, na wana idara ya fiziotherapia ya miaka mingi. Nenda na kadi ya bima, na uulize kabla kipi kinalipiwa na kipi hakilipiwi, maana MRI bila bima ni pesa nyingi kwa mshahara wa mwalimu. Kifundo kikianza kunasa, yaani unakikunja kinagoma katikati halafu kinaachia ghafla, au ukipata sehemu moja ndogo juu ya mfupa ambayo ukiibonyeza kwa kidole unaruka, usisubiri nafasi, nenda wiki hiyo hiyo. Vivyo hivyo kama maumivu yatakuamsha usiku hata siku ambazo hukukimbia.

Na kwa kuwa unakimbia mbio ndefu, nikuulize jambo ambalo makocha wengi wa kiume huona haya kuliuliza: hedhi yako inakuja kawaida? Mwanamke anayekimbia sana na kula kidogo, hedhi ikianza kuruka miezi, mifupa yake hudhoofika na kupata nyufa ndogo zinazojifanya mteguko usiopona. Kama imekuwa ikiruka, mwambie daktari siku hiyo hiyo, usisubiri akuulize.

Sasa Akhwari. Kocha wako amesema ukweli nusu. Mwaka 1968 pale Mexico City, Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji na kuendelea akichechemea. Walianza watu 75, wakamaliza 57, naye akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Ni mtu wa kwenu Mbulu, na nchi nzima ina haki ya kumsifu. Lakini angalia: alikuwa ndani ya mashindano ya Olimpiki, ametumwa na taifa, na akaumia mle mle mbioni. Hakuamka kila Jumamosi miezi mitano mfululizo akalikimbilia goti bovu kwa kumeza vidonge. Na nusu ambayo kocha wako haisemi ni kwamba mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari yule yule alikimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 15 akawa wa tano. Mtu hafiki hapo kwa goti ambalo halijapona. Ukitaka kumfuata Akhwari, fuata na miaka ile miwili.

Vidonge. Diklofenaki kabla ya mbio ndefu acha kuanzia leo, na hapa sibembelezi. Maumivu ndiyo kipimo pekee ulicho nacho ukiwa barabarani, nawe unakizima. Tena dawa za kundi hilo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na mtu anayekimbia saa mbili juani huku akipoteza maji tayari figo zake zimebanwa. Ongeza vidonda vya tumbo juu yake. Ukihitaji dawa ya maumivu ili uweze kukimbia, siku hiyo hukimbii.

Kuhusu mama, msalimie sana, na usimkatalie kwa ukali. Anakupenda na anaona mtoto wake anachechemea. Mweleze kwamba kifundo chako hakijatoka mahali pake. Kingekuwa kimetoka usingekikanyagia hata hatua moja, achilia mbali kilomita sita, na picha ingeonyesha. Kilicholegea ni kamba zinazokishikilia, na kamba iliyolegea ukiivuta unazidi kuilegeza. Kama anataka kukusaidia kwa mikono yake, akuchue kigimbi jioni kwa mafuta ya nazi, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Kigimbi kilichokaza kinazuia kifundo kukunjika, kwa hiyo hapo atakuwa amekufaa. Kwenye kifundo chenyewe asivute mtu yeyote.

Mazoezi ninayokupa hapa ni ya kufanya nyumbani ukishakaguliwa na kuambiwa hakuna jeraha linalotaka usubiri kwanza. Mtaalamu akikupa tofauti, mfuate yeye.

La kwanza ni kupima ulivyo. Simama peku mbele ya ukuta, kidole gumba cha mguu kikiwa umbali wa upana wa kiganja kutoka ukutani. Kunja goti liguse ukuta bila kunyanyua kisigino. Fanya kwa mguu wa kushoto, halafu wa kulia. Nina hakika wa kulia itakubidi uusogeze karibu zaidi, pengine vidole viwili au vitatu. Kifundo kisichokunjika mbele ndicho kinachokulazimisha kushika ukuta kwenye ngazi, maana kushuka ni kukunja kifundo. Kipimo hicho hicho ndicho zoezi lake: mara 10 hadi 15 polepole, asubuhi kabla ya kwenda jikoni na jioni tena, mpaka miguu yote miwili ilingane.

La pili ni kusimama kwa mguu mmoja. Usilicheke. Simama kwa mguu wa kulia sekunde 30 macho wazi. Ukiweza bila kuyumba, fumba macho. Wengi wenye kifundo kama chako hawamalizi hata sekunde 10. Hili lifanye ukipiga mswaki, ukingoja chai ichemke, ukisimamia mtihani wa darasa la nne ukiwa nyuma ya darasa wasipokuona. Likiwa rahisi, simama juu ya blanketi lililokunjwa. Kisha chukua chaki, chora nyota kubwa sakafuni yenye mistari minane, simama katikati kwa mguu mbovu, na kwa mguu mwingine gusa ncha ya kila mstari bila kuanguka. Mistari ya nyuma na pembeni ndiyo itakayokutoa jasho.

La tatu linahitaji tyubu ya baiskeli. Pita kwa fundi baiskeli umwombe ile iliyochoka, atakupa bure au kwa bei ya karanga. Ikate upate ukanda mrefu, ufunge kwenye mguu wa meza, na pitisha ncha ya pili kwenye unyayo wako ukiwa umekaa. Sukuma unyayo kwenda nje, kisha urudishe ukihesabu moja, mbili, tatu. Kurudisha polepole ndiko kunakojenga. Mara 15, pumzika, rudia mpaka zifike seti 3. Hapo unaiamsha ile misuli miwili inayopaswa kukuokoa jiwe likibingirika, na kwa maoni yangu hili ndilo zoezi ambalo wakimbiaji wetu hawalifanyi kabisa. Tunapanda milima, tunakimbia mbio za kasi, tunaruka kichurachura, lakini misuli ya pembeni ya mguu haina anayeikumbuka.

La nne ni kunyanyua visigino, kwanza kwa miguu yote miwili, kisha kwa mmoja ukiwa ukingoni mwa ngazi, kisigino kikishuka chini ya ngazi kila mara. Lengo ni 25 kwa kila mguu bila kushika kitu zaidi ya kidole kimoja ukutani.

Fanya haya siku nyingi za juma. Tofauti utaanza kuiona baada ya wiki 6 hivi, na usishangae zikifika 12. Wakati huo usikae tu. Mapafu na moyo havijui kama uko juu ya raba au juu ya baiskeli, kwa hiyo endesha baiskeli. Tembea kwa kasi kupanda Ilboru kisha uteremke kwa daladala, na ukipata mahali pa kuogelea, ogelea. Mkimbiaji aliyekimbia tangu UMISSETA hapotezi msingi wake kwa miezi mitatu ya baiskeli.

Kurudi barabarani hakutangojea tarehe, kutangojea mguu. Uweze kutembea kwa kasi nusu saa bila kuumwa, uweze zile 25 za kisigino, na uweze kuruka kwa mguu wa kulia peke yake, mbele, nyuma na pembeni, ukitua bila kuyumba na bila kuogopa. Kuogopa nako ni jibu. Ukishafika hapo, anza na dakika 1 kukimbia na dakika 2 kutembea, mara 10, kwenye tambarare unayoijua vizuri. Wakati huo na mwezi wa kwanza wote, pima hivi: maumivu kutoka 0 mpaka 10, yakizidi 3 unasimama, na asubuhi yake kifundo kikiwa kigumu au kimevimba kuliko jana, unarudi hatua moja nyuma. Ongeza muda kabla ya kuongeza kasi. Kuteremka kuje baadaye, na kuteremka kwenye mawe kuje mwisho kabisa. Lakini kuje. Usije ukakimbilia lami maisha yako yote kwa hofu, maana kifundo kisichokutana na mawe hakijifunzi mawe.

Bandeji ya mpira uliyoiulizia inakupa joto na kukutuliza moyo, na si zaidi. Kinachosaidia kweli kupunguza kuteguka tena ni kishikizo cha kufunga kwa kamba kinachobana pande zote mbili za kifundo, au plasta ngumu iliyofungwa na anayejua. Kivae katika miezi ya kwanza ya kurudi mbioni, huku ukiendelea na mazoezi. Sindano za steroidi anazochoma mtu dukani ili "uvimbe ushuke" zikatae, zinaweza kudhoofisha kano.

Halafu, raba zako umenunua wapi? Hukunitajia, nami nakisia ni mtumba, kama sisi wote. Sina ugomvi na mtumba, nimeona raba nzuri sana zikitoka kwenye marundo ya soko la Memorial pale Moshi. Tatizo ni kwamba unanunua na mwendo wa mtu mwingine. Ziweke juu ya meza, kaa nyuma yake ziwe usawa wa macho. Kisigino kikiwa kimelala upande wa nje, raba hiyo inaanza kukupindua kabla hujakanyaga jiwe lolote. Bonyeza na ile sponji ya katikati kwa kidole gumba; ikiwa ngumu kama ubao, imekwisha hata kama juu inang'aa. Raba ya namna hiyo ivalie sokoni, usiikimbilie.

Mume wako mwambie hivi: Alphonce Simbu alipata shaba ya dunia ya marathoni London mwaka 2017 na dhahabu Tokyo mwaka 2025, miaka 8 katikati, na dhahabu ilikuja akiwa na miaka 33. Sikuahidi dhahabu, nakwambia tu kwamba kwenye mbio ndefu miaka 31 haijawahi kuwa uzee. Anachokiona yeye si umri, ni mke anayechechemea kila asubuhi, na hapo ana haki ya kusema.

Kocha wako ni kazi ngumu zaidi. Usibishane naye mbele ya kundi. Mtafute pembeni, mwambie umepewa programu ya wiki 12 na utaendelea kuja siku za mazoezi kufanya nguvu na kushika saa. Akikubali, umepata kocha. Akicheka, Arusha ina makundi mengi ya kukimbia.

Hela uliyolipia ihesabu imekwenda, ila uliza kama wanaruhusu kuhamia zile kilomita 5. Kama ruhusa ipo na mtaalamu amekubali, zitembee.

Na siku ya kwenda kliniki vaa kaptula au sketi inayopanda juu ya goti, waone mguu mzima na sio kifundo tu. Beba ile picha ya eksirei ya mwezi wa nane, na beba raba unazokimbilia bila kuzifua.

Kocha